Kalamu na Karatasi au Simu: Namna ya Kuchagua na Kupanga Zana za Madokezo ya Haraka

Dokezo la haraka ni andiko dogo ambalo mwandishi wake hakulitengea muda: namba ya simu iliyotajwa mara moja, jina la dawa lililotamkwa na daktari, kipimo cha mbao, wazo lililozuka katikati ya mazungumzo, au kitu kinachotakiwa kununuliwa kabla ya kurudi nyumbani. Andiko la aina hii halifanani na muhtasari wa kikao wala maandishi ya darasani, ambayo mtu huyakalia mezani akiwa amejiandaa. Hili huja wakati mikono ina shughuli nyingine, na lisipoandikwa papo hapo hufutika kichwani. Kwa sababu hiyo, mashauri mengi yanayotolewa kuhusu karatasi na vifaa vya kielektroniki hayalihusu. Utafiti unaotajwa sana, wa Pam Mueller na Daniel Oppenheimer uliochapishwa mwaka 2014, ulilinganisha wanafunzi walioandika mihadhara kwa mkono na wenzao waliotumia kompyuta mpakato, na ukaona kwamba walioandika kwa mkono walijibu vizuri zaidi maswali yanayodai uelewa. Watafiti wengine waliolirudia jaribio hilo hawakuipata tofauti hiyo kwa uwazi uleule. Vyovyote iwavyo, swali lao lilikuwa la kujifunza na kukumbuka mihadhara, nalo liko mbali na hali ya mtu aliyesimama mlangoni akinakili kipimo huku ameshika futi kwa mkono wa pili.

Hoja inayoongoza hatua zifuatazo ni kwamba dokezo hupotea zaidi katika safari ya kutoka lilipoandikwa hadi linapotakiwa kutumika. Kwa hiyo zana ya kunasia na mahali pa kuhifadhia ni mambo mawili, kila moja lina vigezo vyake, na hakuna ulazima wa kitu kimoja kufanya kazi zote mbili.

Hatua ya kwanza: yajue madokezo yako

Kabla ya kununua daftari au kupakua programu yoyote, kusanya kwa juma moja kila kitu unachokiandika kwa haraka, popote ulipokiandika: nyuma ya risiti, kwenye kiganja, katika ujumbe uliojitumia mwenyewe, pembeni mwa karatasi ya mtu mwingine. Juma likiisha, yagawe. Utaona kwamba yapo yanayotumika siku hiyohiyo kisha hayana faida tena. Yapo yaliyofungwa na tarehe au saa. Yapo ya kumbukumbu, kama namba, vipimo na majina, ambayo utayatafuta baada ya miezi. Na yapo mawazo na michoro ambayo bado hayajapata umbo.

Mgawanyo huu unaamua mambo mengi kuliko ubora wa kifaa. Yale yenye tarehe yanastahili simu au kishikwambi, kwa kuwa karatasi haina kengele. Daftari zuri kiasi gani haliwezi kukuamsha saa moja kabla ya miadi. Namba za watu ziende moja kwa moja kwenye orodha ya majina ya simu, maana huko ndiko utakakozitafuta. Michoro, mishale na mahesabu yanayotambaa ukurasa mzima huandikika kwa urahisi zaidi kwenye karatasi, ambako mkono hauombi ruhusa ya kubadili kutoka kwenye neno kwenda kwenye mstari. Mtu ambaye madokezo yake mengi ni ya tarehe na namba hana sababu kubwa ya kubeba daftari, na mtu ambaye mengi ni vipimo na michoro atajisumbua bure na kioo.

Hatua ya pili: pima muda wa kulifikia neno la kwanza

Mwombe mwenzako ashike saa, kisha uhesabu muda unaopita tangu zana ikiwa mahali pake pa kawaida, mfukoni au kwenye mkoba, hadi neno la kwanza linapoandikwa. Fanya hivyo kwa simu na kwa karatasi. Ukiwa na simu, hesabu pia vitendo vyenyewe: kuitoa, kuiamsha, kuifungua kwa alama ya kidole au kwa namba, kuitafuta programu, kugusa alama ya dokezo jipya, kungoja kibodi ijitokeze. Katikati ya vitendo hivyo kuna arifa zinazokusubiri, na arifa moja ikikuvuta, umeshasahau ulichokuja kuandika. Ukiwa na karatasi vitendo ni vichache, lakini kimojawapo ni kuisaka kalamu, ambacho kinaweza kumaliza muda wote uliookolewa na vile vingine.

Jaribio hili lisifanywe ukiwa umekaa mezani tu. Lifanye ukiwa umesimama, ukiwa na mzigo mkono mmoja, ukiwa gizani, ukiwa juani, na ukiwa na mikono iliyolowa. Matokeo yatatofautiana sana. Kioo cha simu nyingi hukitambua kidole kutokana na mabadiliko ya chaji ya umeme juu ya uso wake, na matone ya maji huleta mabadiliko yanayofanana na hayo, ndiyo maana kioo kilicholowa huandika herufi zisizoguswa na kukataa zile zinazoguswa. Glavu za kawaida nazo huzuia kabisa, kwa kuwa hazipitishi umeme wa kidole. Mwanga mkali wa jua hufifisha kioo lakini hauidhuru karatasi. Gizani mambo hugeuka, kwa kuwa simu hujimulikia yenyewe wakati mwenye daftari anahitaji taa.

Jaribio la namna hii lina historia. Kabla ya Palm Pilot, kifaa kidogo cha kielektroniki cha mkononi cha kuwekea ratiba na madokezo, kutoka mwaka 1996, mbunifu wake Jeff Hawkins alichonga kipande cha mbao chenye ukubwa wa kifaa alichokuwa akikifikiria, akawa anatembea nacho mfukoni, na kila alipotaka kuangalia ratiba au kuandika jambo alikitoa na kujifanya anakiandikia. Mbao hiyo ilimfundisha kile ambacho Apple ilikuwa imekipata kwa gharama na kifaa chake cha Newton kilichoanza kuuzwa mwaka 1993, ambacho kilikuwa kikubwa mno kwa mfuko wa shati na kilijaribu kuusoma mwandiko wa kila mtu, kikakosea mara nyingi hadi kikawa kichekesho. Palm iliwataka watumiaji wajifunze herufi zilizorahisishwa, karibu kila herufi kwa mkwaruzo mmoja wa kalamu, na watu walikubali kujifunza kwa sababu kifaa kiliitika upesi. Nawe unaweza kuiga jaribio hilo bila gharama: kata kadi yenye ukubwa wa daftari au simu unayokusudia kuinunua, itie mfukoni, na uone ni mara ngapi unaiacha nyumbani.

Hatua ya tatu: ukichagua karatasi

Ukubwa ndio uamuzi wa kwanza. Karatasi ya A6 ina milimita 105 kwa 148 na hutosha kwenye mfuko wa koti au mkoba mdogo. A7, yenye milimita 74 kwa 105, huingia kwenye mfuko wa shati, na mkononi hukaa karibu sawa na simu. Kubwa kuliko A6 ni daftari la mezani, hata likiitwa la mfukoni. Jalada liwe gumu, kwa kuwa madokezo ya haraka huandikwa bila meza na jalada laini hujikunja chini ya kalamu. Waya wa kuzunguka upande wa juu humwezesha mtu kugeuza kurasa kwa mkono mmoja na kuzichana bila kuharibu nyingine, ingawa mfukoni hukwama kwenye nguo; mshono hukaa vizuri zaidi mfukoni, lakini ukichana ukurasa mmoja, mwenzake wa upande wa pili hulegea.

Wengine huacha daftari na kutumia kadi zisizofungwa, za inchi 3 kwa 5, zilizoshikwa pamoja kwa kibanio. Mwaka 2004 mwandishi Mmarekani Merlin Mann alizipa kadi hizo jina la mzaha, Hipster PDA, akivikejeli vifaa vya kielektroniki vya mkononi vya wakati huo, vilivyoitwa PDA kwa kifupi cha Kiingereza, na watu wengi wakauchukua mzaha huo kama ushauri wa kweli. Faida ya kadi ni kwamba dokezo lililokamilika huondolewa na kutupwa, nalo lisilokamilika hubaki juu likikuangalia. Hasara yake ni kwamba kadi moja ikianguka, hakuna kinachokuonyesha kwamba imepungua.

Kalamu inahitaji uangalifu zaidi kuliko watu wanavyodhani. Kalamu ya kawaida yenye kigololi nchani hutumia wino mzito wa mafuta unaokauka upesi na kuvumilia unyevu, lakini hutegemea wino kuteremka kuelekea nchani, kwa hiyo ukiandikia karatasi iliyobandikwa ukutani au ukiwa umelala chali, baada ya mistari michache hukata wino. Kalamu za jeli huteleza vizuri na kuandika kwa weusi unaopendeza, ila nyingi huchafua ukurasa wa pili ukifunga daftari kwa haraka, na haraka ndiyo shughuli yetu hapa. Penseli huandika ikiwa imeinamishwa vyovyote, maji hayayeyushi alama yake, na ikibakia fupi huonekana wazi kwamba inaisha. Tatizo lake ni kusuguka na kufifia kwenye daftari linalokaa mfukoni miezi mingi. Jihadhari na kalamu zenye wino unaofutika kwa msuguano: wino huo hupotea kwa joto, na daftari lililoachwa mahali penye joto la kufikia nyuzi 60 za Selsiasi, kama vile ndani ya gari lililoegeshwa juani, linaweza kukutwa jeupe. Kwangu mimi, kalamu ya kubonyeza yenye wino wa mafuta, iliyobanwa kwenye jalada lenyewe, huzishinda zote kwa kazi hii, kwa kuwa hufunguka kwa kidole gumba na haina kifuniko cha kupotea.

Hatua ya nne: ukichagua simu

Chagua programu moja tu. Mtu mwenye madokezo katika programu tatu ana sehemu tatu za kutafuta na sababu tatu za kutotafuta. Programu hiyo iwe na sifa mbili zisizo na mjadala: ifunguke na kuandika bila intaneti, na iruhusu madokezo yote kutolewa kama maandishi ya kawaida yanayosomeka kwingine. Mapambo mengine yote, kama rangi, lebo na mandhari, yangoje. Ujaribu ukweli wa sifa ya kwanza kwa kuzima data na Wi-Fi, kisha kuandika dokezo jipya na kulifungua la zamani. Programu nyingine hukubali kuandika jipya lakini hushindwa kukuonyesha la jana.

Kisha punguza vitendo ulivyovihesabu katika hatua ya pili. Iweke alama ya programu safu ya chini ya skrini ya mwanzo, mahali kidole gumba kinapofika bila kunyooka, au tumia kitufe cha njia ya mkato kinachofungua ukurasa mtupu badala ya orodha ya madokezo ya nyuma. Angalia pia kama simu yako inaruhusu kuandika kabla ya kufunguliwa. Samsung ilipotoa Galaxy Note5 mwaka 2015, iliwezesha kalamu yake kuandika juu ya kioo kilichozimwa mara tu inapochomolewa, na huo ndio ukaribu mkubwa zaidi ambao simu imewahi kuwa nao na daftari. Vifaa kadhaa vina njia yake ya kufanya jambo la namna hiyo, na mara nyingi imefichwa ndani ya mipangilio ya skrini ya kufungia.

Zima usahihishaji wa kiotomatiki, au uongeze Kiswahili katika lugha za kibodi. Kibodi isiyokijua Kiswahili hubadilisha maneno sahihi kuwa ya lugha nyingine bila kukuuliza, na dokezo lililobadilishwa hivyo linaweza kuwa fumbo kwa mwandishi wake mwenyewe. Vivyo hivyo kwa kuandika kwa sauti: sentensi nzima mara nyingi hutoka vizuri, lakini majina ya watu na namba ndiyo huharibika, nayo ndiyo kiini cha dokezo. Yasome papo hapo. Kurekodi sauti bila kuigeuza kuwa maandishi ni rahisi kuliko njia zote wakati wa kunasa na ni mzigo kuliko zote baadaye, kwa sababu rekodi ya dakika mbili hudai dakika mbili za kusikilizwa, na hakuna anayeipitia kwa macho. Itumie unapoendesha baiskeli au unapobeba mtoto, na si vinginevyo.

Picha ya tangazo, ya ubao au ya lebo ya kifaa ni dokezo halali, na huzuia makosa ya kunakili. Hata hivyo picha ikiachwa miongoni mwa picha za familia huzama. Ihamishie kwenye programu ya madokezo na uiandikie mstari mmoja wa maneno, ili iweze kutafutwa.

Lipo pia suala la adabu. Mtu anayezungumza nawe akikuona umeinamia simu hudhani unajibu ujumbe wa mwingine, hali kalamu na karatasi humwonyesha kwamba maneno yake yamepewa uzito. Ukilazimika kutumia simu mbele ya mtu, hasa aliyekuzidi umri, mwambie kwanza: “Samahani mzee, naomba niyaandike haya nisije nikayasahau.” Sentensi hiyo moja hubadilisha kabisa namna anavyokutazama.

Hatua ya tano: andika ili ueleweke kesho

Anayeandika dokezo anajua habari yote, na atakayelisoma, hata akiwa ni yeye mwenyewe, atakuwa ameisahau nusu. Dokezo lisemalo “Mwambie kuhusu ile. 815.” halina thamani baada ya siku mbili. Liandikwe hivi: “2025-03-14. Mwulize fundi: mlango wa nyuma, upana mm 815, bawaba kushoto au kulia? Asikate kabla.” Urefu umeongezeka kwa sekunde chache, lakini sasa lina tarehe, mtu, kitu, kipimo pamoja na uniti yake, na kitendo. Anza na kitenzi kila inapowezekana: nunua, mwulize, peleka, lipa. Kitenzi kikikosekana mwanzoni, mara nyingi ni dalili kwamba bado hujaamua unataka kufanya nini.

Tarehe ikianza na mwaka, kisha mwezi, kisha siku, kama inavyopendekezwa na kiwango cha kimataifa cha ISO 8601, madokezo ya kwenye kifaa hujipanga yenyewe kwa mfuatano wa wakati. Kuhusu saa, tahadhari ni muhimu kwetu kuliko kwa wengine: simu huonyesha 14:00 wakati sisi husema saa nane, na dokezo lisemalo “saa 2” tu linaweza kusomwa kuwa asubuhi, usiku au mchana kutegemea ni nani anayelisoma. Andika “saa 8 mchana, 14:00” na shaka itaondoka. Kwenye karatasi, tofautisha 1 na 7 kwa kuikata saba katikati, na urudie kwa sauti namba yoyote ndefu mbele ya aliyekutajia.

Hatua ya sita: yahamishe

Hii ndiyo hatua inayoachwa na wengi, na bila hiyo mjadala wote wa kalamu na simu hauna maana. Methali husema mali bila daftari hupotea bila habari. Lakini daftari lisilofunguliwa nalo halina habari ya kumpa mwenye mali. Chagua wakati mmoja wa siku ulioambatana na jambo unalolifanya tayari, kama vile unapochomeka simu kwenye chaji jioni, na uyapitie madokezo ya siku hiyo yote, ya karatasi na ya simu.

Kwa kila dokezo amua moja kati ya mambo manne. Likiwa ni kitendo cha dakika mbili, lifanye hapohapo. Likiwa na tarehe, liingize kwenye kalenda pamoja na ukumbusho. Likiwa ni la kumbukumbu, linakili mahali pake pa kudumu. Likiwa limeshapitwa, lifute. Kwenye karatasi, kufuta kuwe ni mstari mmoja juu ya maneno, usiofunika herufi, maana mara nyingine kilichofutwa leo hutakiwa keshokutwa. Ukurasa ambao kila kitu kimepigiwa mstari ukate pembe ya chini. Ukifungua daftari, kidole kitapita pembe zote zilizokatwa na kusimama kwenye ukurasa wa kwanza wenye kazi iliyobaki.

Usijaribu kunakili kila kitu. Anayejilazimisha kuchapa daftari zima kwenye simu huchoka upesi na kuacha desturi yote. Kurasa za michoro zipige picha, ukiweka karatasi bapa na mwanga kutoka upande ili kivuli cha mkono kisiangukie maandishi. Programu nyingi za madokezo sasa husoma maneno yaliyo ndani ya picha na kuyafanya yatafutike, ila hufanikiwa zaidi na herufi zilizoandikwa mojamoja kuliko mwandiko wa kuunganisha. Kichwa cha ukurasa kikiandikwa kwa herufi kubwa zilizotengana, inatosha kwa kupatikana hata kama yaliyobaki hayasomeki na mashine.

Wengi hujitumia ujumbe wao wenyewe kwenye programu ya mazungumzo, na mtindo huo haustahili kudharauliwa, kwa kuwa programu hiyo iko wazi muda wote na neno la kwanza hufikiwa upesi. Uhesabu kuwa ni kikapu cha kupokelea tu, na ukimwage kila jioni kama daftari.

Hatua ya saba: linda usichotaka kupoteza

Daftari likipotea, limepotea pamoja na yote yaliyomo, na atakayeliokota atalisoma bila kizuizi. Andika ndani ya jalada njia ya kuwasiliana nawe, na usiandike humo maneno ya siri, namba za kadi ya benki wala habari za afya za mtu mwingine. Simu inafungwa kwa namba au kidole, lakini angalia kama madokezo au vikumbusho havichungulii kwenye skrini ya kufungia, ambako kila mtu huyaona.

Hatari kubwa ya kifaa ni ya aina nyingine. Vifaa vya Palm vya mwanzo vilihifadhi madokezo katika kumbukumbu iliyotegemea betri, na mtu aliyeziacha betri ziishe kabisa bila kukiunganisha kifaa na kompyuta alikikuta kitupu. Simu za leo hazifanyi hivyo, ila huibiwa, huvunjika, na programu zake hufungwa na waliozitengeneza. Washa nakala rudufu ya kiotomatiki, kisha uithibitishe: andika dokezo la majaribio kwenye simu, ulitafute kupitia kifaa kingine, na utoe madokezo yote kama faili la maandishi angalau mara moja ili ujue kitufe kiko wapi. Unapobadilisha simu, usiifute ya zamani wala kuiuza kabla hujafungua kwenye mpya dokezo la zamani kuliko yote, la katikati, na la jana.